Kompyuta Mbili Zikikataa Kuonana: Jinsi ya Kuokoa Jina Lako Nyumbani

Ukishajulikana nyumbani Gakindu kuwa wewe ndiwe mtu wa kompyuta, likizo yako imeshagawanywa. Unashuka kwenye matatu, unasalimia wazee, na kabla chai haijamiminwa unaambiwa kompyuta ya mezani haiioni laptopu ya mdogo wako. Video ya ruracio, sherehe ya mahari, iko kwenye laptopu. Televisheni imeunganishwa na ile ya mezani. Wajomba wameshaketi. Hakuna atakayekuuliza umepitia njia gani; watauliza kama picha imetokea. Basi nikuonyeshe njia za mkato, maana njia ndefu zina mashahidi wengi.

1. Nunua muda. Usiseme "sijui". Sema "tuanze na ruta", kisha ichomoe kwenye stima, subiri nusu dakika, irudishe. Halafu washa upya kompyuta zote mbili. Chagua kuwasha upya, usichague kuzima. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi ukizizima huwa zinahifadhi sehemu ya hali yake ili ziwake haraka, na hitilafu inahifadhiwa pamoja nayo. Ukiwasha upya, zinaanza kwa kweli. Hatua hii inaponya mengi, na hata isipoponya, umeonekana unafanya kazi huku unafikiria ya pili.

2. Hakikisha zote ziko kwenye Wi-Fi moja. Mdogo wako huenda alihamia hotspot ya simu yake wiki iliyopita akasahau. Au ameingia kwenye mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi huutenga makusudi: kila mmoja anapata intaneti, hakuna anayemwona mwenzake. Fungua lile dirisha jeusi la amri, andika ipconfig kwenye kila kompyuta, usome anwani. Ikiwa moja ni 192.168.1.7 na nyingine ni 192.168.1.9, ziko pamoja. Ikianza na 169.254, ruta haikuipa anwani na kompyuta imejipa yenyewe. Rudi hatua ya kwanza. Dirisha jeusi lina faida nyingine. Mjomba akiliona, ananyamaza.

3. Sasa njoo mahali ambapo kesi nyingi huishia. Kompyuta ilipounganishwa na Wi-Fi mara ya kwanza, Windows iliuliza kama mtandao huu ni wa umma au wa binafsi, na kama haikuuliza, ikaamua yenyewe kuwa ni wa umma. Kwenye mtandao wa umma kompyuta hujificha, kama mtu anayeshika mfuko wake kwenye stendi ya Nyeri. Haijibu ikiitwa, haionyeshi folda zake. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, ibadilishe iwe ya binafsi, uruhusu kompyuta kuonekana na kushiriki faili. Fanya hivyo kwenye zote mbili. Watu hurekebisha moja, wanasifiwa, kisha wanatafuta hitilafu usiku kucha kwenye ile waliyokwisha kuitengeneza.

4. Usiiamini orodha. Ukifungua sehemu ya mtandao ukaikuta tupu, usitokwe na jasho. Orodha hiyo hutegemea kompyuta kujitangaza, na kujitangaza hukwama mara nyingi hata njia ikiwa wazi. Bisha mlango moja kwa moja: kwenye upau wa anwani wa dirisha la faili, andika anwani ya laptopu, tuseme \\192.168.1.7, ubonyeze kitufe cha kuingia. Folda zikitokea, ipe ile ya video herufi yake, Z kwa mfano, ili ikae na diski nyingine ambapo baba ataiona. Kisha ingia kwenye ruta uiambie iipe laptopu anwani ileile kila siku. Ukiacha hili, namba itabadilika siku yoyote stima ikipotea, na wewe utakuwa Nairobi kazini unapigiwa simu.

5. Ikikudai jina na paswadi, usiandike ile PIN ya tarakimu nne. PIN hufungua kompyuta ileile ilipowekwa, haivuki mtandao. Kinachotakiwa ni paswadi ya akaunti yenyewe, na kama ni akaunti ya Microsoft, ni baruapepe na paswadi yake, ambayo hakuna mtu katika boma hilo anayeikumbuka. Akaunti isiyo na paswadi nayo hukataliwa mtandaoni hata ukibembeleza. Hapa pana hila tamu: usihangaike na akaunti ya mtu yeyote. Kwenye laptopu yenye faili, tengeneza akaunti mpya, iite "familia", ipe paswadi rahisi kuandika lakini si rahisi kubahatisha, uiruhusu folda moja tu. Dakika tano, na hukulazimika kumuuliza mdogo wako siri zake mbele ya wazee.

6. Kuna njia ya mkato moja nakukataza, na hapa sikubembelezi. Atatokea binamu mwenye ushauri aliousoma mahali: washa SMB1, ile njia ya kale ya Windows ya kushiriki faili, zima fayawoli, mambo yataenda. Yataenda kweli. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu la SMB1 kikarukia kompyuta baada ya kompyuta bila mtu kubonyeza chochote. Kilienea katika nchi zipatazo 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ya tundu hilo ilikuwa imetolewa tangu Machi. Walioumia hawakuwa wameiweka. Mwishoni mwa mwaka huo Windows mpya zikaanza kuja bila SMB1. Kompyuta ya baba ina hesabu za kahawa, nakala ya hati ya shamba na marejesho ya kodi ya KRA. Ukitaka kupima kama fayawoli ndiyo inayozuia, izime dakika moja, ujaribu, uiwashe, kisha uruhusu kushiriki faili kwenye mtandao wa binafsi pekee. Na kama maelekezo unayofuata yanataja HomeGroup, yafunge. Huduma hiyo ya kushiriki faili nyumbani iliondolewa kwenye Windows 10 mwaka 2018.

7. Yote yakishindikana, toa flashi, na uitoe kwa fahari. Sema: "Kwa faili kubwa hivi, flashi ni haraka zaidi." Hujadanganya. Mwaka 2009 huko Afrika Kusini, njiwa aliyeitwa Winston alibebeshwa kadi ya GB 4 kutoka Howick hadi Durban. Ukijumlisha safari na kunakili, ilichukua saa mbili na kidogo. Intaneti kwa muda huo ilikuwa imefikisha asilimia 4 ya data hiyohiyo.

Lakini aibu ya flashi ni moja, na inawapata hata mafundi. Flashi ina nafasi ya GB 64, video ni GB 9, na kompyuta inakwambia faili ni kubwa mno. Flashi hiyo imepangwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja ya kufika GB 4. Hamisha vilivyomo, ifomati upya kwa exFAT, unakili tena. Chomeka kwenye tundu la USB 3, ambalo mara nyingi ni la buluu. Kama flashi haipo, unganisha kompyuta zote mbili na ruta kwa waya wa mtandao. Mara nyingi utashangaa jinsi video inavyohama haraka, na wazee watafurahi kuona waya kwa sababu waya unaonekana.

Video ikishaanza kucheza, usiketi bado. Chukua karatasi, andika anwani ya laptopu, jina la akaunti ya familia na paswadi yake, umpe mama aiweke anapoweka vyeti vya shule. Kisha mwite mdogo wako, mfanye arudie hatua ya tatu na ya nne kwa mkono wake huku wewe umekunja mikono. Fanya hivyo leo, kabla hujapanda matatu ya kurudi.