Aulizwe Kipa

Wachambuzi wetu wa vijiwe vya Kirumba wana haki: timu ni kipa. Wale wengine kumi ni mapambo ya jezi. Pamba Jiji ikitoka sare tasa tunahesabu klini shiti. Ikifungwa, tunajua wa kuuzwa kabla daladala haijajaa.

Hesabu nazo zinatuunga mkono. Ligi Kuu ina mechi 30 kwa kila timu. Kipa asiyeruhusu hata bao moja, huku washambuliaji wake wakiwa waungwana wasiopenda kumsumbua kipa wa wenzao, atamaliza na klini shiti 30 na pointi 30. Heshima iliyoje! Yule mzembe anayefungwa moja kila mechi, wenzake wakifunga mawili, anaambulia klini shiti sifuri na vijipointi 90. Bingwa wa namna hiyo ni wa kuonewa huruma.

Mlinzi wa ghala la dagaa pale Mwaloni akiyakuta magunia yote asubuhi, si faida hiyo? Wateja wa nini?

Msimu wa 2023/24 Ley Matampi aliongoza makipa wote kwa klini shiti, na Coastal Union yake ikapaa hadi nafasi ya nne. Uliofuata akaongoza Moussa Camara wa Simba. Yanga, kwa utovu wa adabu, wakabeba kombe bila kibali cha takwimu.

Kwa hiyo straika wetu asiguswe. Mpira alioupaisha kuelekea ziwani aliupiga kwa nia njema. Kipa ndiye aulizwe kwa nini hakufunga.