Kikohozi cha Aya ya 16

Semina ya akina mama, iwe Tarime mjini au Mugumu, haipiti bila Mithali 31. Mke mwema huamka kungali giza, hulisha nyumba nzima, uvivu haujui. Akina mama wa Kikurya wanaitikia amina. Wameshachota maji, wamepalilia mahindi na kuanika mihogo, ndipo wakaja kufundishwa wasiwe wavivu.

Ila msomaji ana haraka zake. Akifika aya ya 16, pale mwanamke anapolitazama shamba na kulinunua, kikohozi kinambana. Shamba? Kwa jina la nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, lakini ukoo bado unatafuta miwani ya kuisomea. Aya ya 23 ndiyo husomwa taratibu: mume ameketi langoni na wazee. Hiyo, jamani, tumeitimiza siku nyingi, na kivuli cha mti tumekipata.

Sijui ajiweke wapi yule bibi asiye na mtoto wa kiume ambaye, kwa desturi ya nyumba ntobhu, ametoa ng'ombe wake akaoa mke. Yeye ni mke mwema, au ni mzee wa langoni?

Halafu kuna kajambo. Mausia ya sura hiyo mama alimpa mwanawe wa kiume, Mfalme Lemueli, na mapema kabisa akamwonya kuhusu pombe. Semina ya akina baba imeahirishwa. Wahusika wako kilabuni.