Majoho Matano ya Kanisani Yenye Vituko Kuliko Walioyavaa

Mwaka 1246, anasimulia mtawa Matthew Paris, Papa Innocent IV aliwaona mapadri wa Uingereza wanametameta majoho yaliyotariziwa dhahabu mabegani. Akauliza tarizi hizo zimetoka wapi, kisha akawaandikia wakuu wa monasteri za huko wamtafutie. Wafanyabiashara wa London walifurahi mno, bei wakajipangia wenyewe. Haya, tuyahesabu majoho matano kwenda juu. Jaji ni mimi, rufaa hakuna.

5. Ascoli Piceno. Papa Nicholas IV aliuzawadia mji huu wa Italia joho la Kiingereza mwaka 1288. Likaibwa 1902, likaangukia mikononi mwa tajiri wa Marekani J. P. Morgan, akalirudisha. Hukumu: mwizi mshenzi, ila macho anayo.

4. Butler-Bowdon. Mahameli nyekundu, karne ya 14. Waliokuja baadaye wakalikata vipande, waliofuata wakaviunga upya. Fundi aliyekuharibia kitambaa ana ukoo mrefu.

3. Steeple Aston. Malaika yuko juu ya farasi, anapiga ala ya nyuzi. Mabawa anayo! Usafiri wa nini? Mjuzi anijibu.

2. Syon. Hapa tulia kidogo. Uzi wa dhahabu unalazwa juu ya kitambaa, halafu uzi wa kitani unapitishwa kutoka nyuma, unaunasa na kuuvutia ndani kidogo sana, tundu kwa tundu. Kwa mbele huoni kilichoushika, na joho linakunjika bila kukakamaa kama bati. Masista wa monasteri ya Syon walihama nalo Uingereza ilipowageuka, wakafika Lisbon, na karne ya 19 likarudi Uingereza. Lina pasipoti iliyojaa kuliko yako.

1. Joho la Roger II, Palermo. Najua, najua: la mfalme wa Sisilia, si la padri. Lakini umbo ni lile lile la nusu duara, na watawala wa Dola Takatifu la Kirumi walikuja kulivaa wakitawazwa kanisani. Pindoni kuna nini? Kiarabu, kwa hati ya Kikufi, na mwaka 528 Hijria. Yaani mfalme Mkristo kajitanda kanga yenye jina! Mgongoni simba wawili wamewalalia ngamia wawili. Unayebisha namba moja, anza kwa kunionyesha askofu mwenye ngamia.