Namna ya Kuizamisha Simu Isiyoingia Maji

Hongera kwa simu mpya. Umeilipia bei ya pikipiki, kwenye boksi imeandikwa IP68, na muuzaji wa Mtaa wa Aggrey amekuhakikishia kwamba hii haiingii maji, bosi, hata ukilala nayo kisimani. Mwongozo huu ni wako. Wenye viswaswadu hauwahusu. Wao wakiona wingu tu wanaifunga simu kwenye leso na kuisukumia ndani ya soksi, ndiyo maana simu zao zinafikisha umri wa kuanza shule. Wewe umelipia maji, na maji utayapata.

Kwanza kabisa, kijikaratasi kilichomo ndani ya boksi usikisome. Kitakukatisha tamaa. Ukikisoma utajua kwamba ile 6 ni ya vumbi na 8 ni ya maji, na kwamba kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60529, simu ya 7 inakaa kwenye maji ya mita moja kwa nusu saa, ilhali ya 8 inakwenda zaidi ya hapo kwa masharti anayoyataja mtengenezaji mwenyewe. Ni mtihani ambao mtahiniwa naye anachangia kutunga maswali. Galaxy S7 ya mwaka 2016 ilipata 8 yake kwa mita 1.5, iPhone 12 ya mwaka 2020 ikapata 8 hiyohiyo kwa mita 6. Zote dakika 30. Muuzaji kwake 8 ni 8.

Halafu kuna suala la maji yenyewe. Ya maabara ni maji baridi yaliyotulia, hayana chumvi wala povu, na simu inayotumbukizwa ni mpya, haijawahi kudondoka kwenye ngazi za daladala. Katika kipimo cha 7, joto la maji na la simu hayatakiwi kupishana zaidi ya nyuzi 5. Hapo ndipo pa kuanzia kama unataka matokeo ya haraka. Iache simu kwenye dashibodi saa saba mchana, foleni ya Mbagala, mpaka ikuunguze kiganja, kisha itumbukize kwenye beseni lenye barafu za soda. Hewa iliyokuwa imetanuka ndani itasinyaa ghafla na kuvuta chochote kilichosimama mlangoni.

Usipoteze muda na mvua. Wengi huanzia huko na kuishia kuaibika, kwa sababu simu hizi zinaistahimili vizuri tu. Utapanda bodaboda masika ya Aprili, suruali italoa mpaka mfukoni, utafika nyumbani na kukuta simu inakudai bando kama kawaida. Ikidondoka kwenye ndoo ya kuogea ukaitoa palepale, hola. Ikimwagikiwa chai ya maziwa, ukiisuuza kwa maji ya bomba na kuikausha, inaendelea na maisha; usipoisuuza, sukari itagandisha vitufe na wavu wa spika, lakini hayo ni mafanikio madogo. Kitakachokusumbua kwenye mvua ni kioo tu. Hakijui tofauti ya tone na kidole, kwa hiyo kinaweza kumpigia mkweo simu ya video wakati wewe umejibanza chini ya kibanda cha chipsi.

Sabuni ndiyo inayojua kazi. Kwenye matundu ya spika na maikrofoni kuna utando wenye vinyweleo vidogo mno. Hewa inapita, sauti inapita, tone la maji linagoma, kwa kuwa maji hushikana yenyewe kwa yenyewe na hayataki kupenya kwenye tundu jembamba. Sabuni imeumbwa kuvunja mshikamano huohuo. Ndivyo inavyoingia kwenye nyuzi za nguo na kutoa uchafu. Basi Jumamosi asubuhi isahau simu kwenye mfuko wa jinzi, jinzi ilowekwe kwenye beseni la sabuni ya unga, ifikichwe, ikamuliwe kwa mikono miwili ya mtu mwenye hasira zake. Watengenezaji wenyewe wanaonya kuhusu sabuni. Wewe hukusoma kijikaratasi, kwa hiyo dhamiri yako ni safi.

Bahari inastahili siku nzima. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, na chumvi haina haraka: inakauka kwenye tundu la chaji, inakaa, inasubiri unyevunyevu wa Dar ambao haukosekani, kisha inaanza kula shaba. Nenda Coco Beach Jumapili, ingia nayo kifuani, jaribu kuchukua video chini ya maji. Kioo hakitakusikia ukikigusa, maana sasa kinaguswa na bahari nzima. Kama uko Unguja, mpelekee kijana mmojawapo wa makachu pale Forodhani arushe sarakasi nayo kutoka ukutani mpaka baharini. Mita 6 za kwenye karatasi ni za simu iliyoshushwa taratibu na kuachwa itulie. Haikupigishwa kifua na maji baada ya kuruka samasoti.

Usidhani ni uzushi wa watu wa pwani. Mamlaka ya ushindani na ulinzi wa walaji ya Australia iliipeleka Samsung mahakamani mwaka 2019, kwa sababu ya matangazo yaliyoonyesha simu ndani ya mabwawa ya kuogelea na kwenye mawimbi. Juni 2022 kampuni ilikubali kwamba matangazo yake kuhusu simu za aina saba yaliwapotosha wanunuzi, na mahakama ikaipiga faini ya dola milioni 14 za kule. Kiini cha kesi kilikuwa tundu la chaji: likiingia maji ya bwawa au ya bahari, ukachaji kabla halijakauka, linaweza kuoza. Italia nayo, Novemba 2020, iliitoza Apple euro milioni 10, safari hii kwa kutangaza ustahimilivu wa maji bila kueleza vizuri kwamba ni wa maji safi yaliyotulia, na kwa kuwanyima wateja huduma ya waranti simu zilipoingia maji. Kumbe wakubwa nao wanajua raha ya kutosoma maandishi madogo. Tofauti ni kwamba wao ndio walioyaandika.

Mvuke tuupitie haraka. Utando unaozuia tone hauzuii mvuke, kwa hiyo wakazi wa Njombe na Arusha wanaooga maji ya moto huku simu ikiimba juu ya sinki wako mbele yetu kwa hatua moja. Ukiona ukungu ndani ya kioo cha kamera, umefaulu.

Choo cha shimo hakimo kwenye kiwango chochote. Simu inaweza kuwa hai kabisa huko chini, inaita, taa inawaka. Hilo ni suala lako na aila yako.

Tuseme sasa imelowa na, kwa bahati mbaya, bado inawaka. Chomeka chaji. Hakuna hatua ya uhakika kuliko hii katika mwongozo mzima. Umeme ukipita kwenye pini zilizolowa maji yenye chumvi, madini ya pini yanamung'unyuka mbele ya macho yako, na kesho utakuta rangi ya kijani au weusi kama wa kiberiti. Simu za siku hizi ni wambea, zitakuonyesha alama ya tone na kukataa chaji. Zipo zenye kitufe cha kulazimisha kwa dharura. Dharura unayo: kesho ni Jumatatu na uko asilimia 4. Wanaoharibu mambo ni wale wanaoizima, wanaisuuza kwa maji baridi kama ilitoka baharini, wanaigongagonga taratibu kiganjani tundu likitazama chini, wanaiacha mahali penye upepo hata siku nzima. Watu wa aina hiyo hawana hadithi za kusimulia.

Baada ya chaji, mchele. Kila ukoo una shangazi mwenye dawa hii, na atakwambia, "Mwanangu, izike kwenye mchele siku tatu." Mchele haunyonyi maji yaliyojificha nyuma ya utando, unachokupa ni vumbi la wanga na chenga moja itakayokwama kwenye tundu la chaji. Apple wenyewe wameandika kwamba simu isiwekwe kwenye mchele. Ila tumia wa Kyela. Simu ikifa, itakufa inanukia.

Hapo utakuwa tayari kwa fundi. Mkute Kariakoo kwenye meza yake ya kioo, taa shingoni, blowa mkononi. Ataipuliza joto pembeni mpaka gundi ya kiwandani ilegee, ataingiza kipande cha plastiki, na kifuniko kitaachia kwa mlio mdogo. Tazama vizuri pembezoni: ule mstari mweusi mwembamba, kama uzi, unaotoka vipandevipande na kunata kwenye kucha yake, ndio uliolipia pesa. Ndiyo IP68 yako. Fundi ataukwangua, ataufuta kwa spiriti, atasugua bodi kwa mswaki wa zamani, kisha atazungusha gundi ya tyubu na kuibana simu kwa mipira ya kufungia noti. Kiwandani simu hupimwa kwa shinikizo la hewa kuona kama inavuja. Hapa kipimo ni neno la fundi.

"Fundi, bado haiingii maji?"

"Haiingii kabisa, mama. Ila usiiloweshe."

Hali ni hiyohiyo kwa simu iliyotumika, ile iliyokuja kutoka Dubai ikiwa na boksi jipya na chaja ya kuazima. Nyingi zimeshafunguliwa angalau mara moja, zikabadilishwa betri au kioo, na zilipofungwa hakuna aliyezipeleka maabara. Hata isiyofunguliwa inazeeka. Mpira unakauka, kila ikidondoka fremu inapinda kidogo, betri ikivimba inasukuma kifuniko. Bado utasema ni IP68, kama mtu anayejitambulisha kwa cheo alichostaafia.

Waranti nayo idai, upate mazoezi ya kusimama foleni. Dada wa kaunta atachomoa trei ya laini, atamulika ndani na kukuonyesha kijistika ambacho simu ikitoka kiwandani huwa cheupe. Chako kitakuwa chekundu. Simu ilitangazwa kustahimili maji, na waranti haihusiki na maji. Kauli mbili hizi zinaishi kampuni moja na hazisalimiani.

Iliyobaki ni kuiuza. Piga picha kwenye zulia, mwanga wa dirishani, pembe isiyoonyesha ukungu wa kamera. Andika: simu safi, haina mchubuko, imetumiwa na mdada mmoja, sababu ya kuuza ni kuhama mkoa. Mnunuzi akija na kijana wake mjuaji, anayetaka kuchungulia ndani ya tundu la laini, mwambie pini ya kufungulia imepotea. Kama amekuja na yake, mpunguzie elfu hamsini kabla hajaitoa mfukoni.