Rudi, Rudi, Bado Kidogo

Mswahili huvumilia mengi ugenini: baridi ya Julai, chai isiyo na tangawizi, basi linaloondoka kwa wakati. Asichoweza ni kuona gari linarudi nyuma na yeye akae kimya. Awe na leseni, awe hajawahi kushika hata usukani wa baiskeli, mkono utanyanyuka wenyewe na mdomo utafunguka: rudi, rudi, njoo, kata kulia, nyoosha, bado, bado kidogo, shika hapo hapo! Hakuna chuo kinachofundisha elimu hii, na anayekuambia hana ni mwongo.

Mimi naishi Macquarie Fields, kusini-magharibi mwa Sydney, kilomita kama 38 kutoka katikati ya jiji, mtaa mmoja na dada yangu na mumewe. Shemeji ni mtu mwema. Ana ugonjwa mmoja tu, wa kupenda vyombo vikubwa. Alikuwa na Hilux, gari ambalo kule kwetu likipita watu huuliza ni la nani, na Hilux za siku hizi huvuta hadi tani 3.5. Karavani aliyonunua, pamoja na kila kitakachotiwa ndani yake, haitakiwi kuzidi kilo 1,800. Hesabu hiyo angeimaliza mtoto wa darasa la tatu kabla ya kengele ya mapumziko.

Lakini Shemeji alikuwa ameshawaona wastaafu wa hapa, wale wanaofunga nyumba zao wakaizunguka Australia nzima wakivuta karavani, na baadhi yao huvuta kwa mapikapu ya Kimarekani, yale ambayo huletwa na usukani wa kushoto yakafumuliwa na kuhamishiwa usukani kulia huko Melbourne. Pikapu la namna hiyo huvuta tani 4.5. Hakulala mpaka akalipata la mitumba. Siku alipoliegesha nje, dada yangu aliwasha taa ya sebuleni saa nane mchana.

Kwa asiyeijua kazi ya kuunganisha karavani na gari, nieleze kidogo. Nyuma ya gari, chini ya bampa, kuna mdomo wa chuma wa mraba. Humo huchomekwa ulimi mnene wa chuma unaokazwa kwa pini, na juu ya ulimi hukaa tufe, la chuma pia. Karavani nayo ina kikombe mbele, kimefunikwa kifudifudi, ambacho hulivaa tufe kutoka juu kisha wenzo hushushwa kufunga. Basi. Kinachotakiwa ni tufe lifike chini ya kikombe. Gari lenye urefu wa mita karibu 6 linarudishwa na mtu asiyekiona kikombe, likisaka shabaha isiyozidi upana wa kiganja. Ndoa nyingi nilizoziona zikiyumba ziliyumba kwenye sentimita kumi za mwisho.

Jumamosi ya safari ya kwenda kupiga kambi Kiama, pwani, tuliamka mapema. Dada yangu alitaka waondoke wao wanne, yeye, mumewe na watoto wao wawili, pamoja na Shangazi yetu, kimya kimya. Kimya kitoke wapi? Injini ya lile pikapu ilipowaka tu, watu walianza kumiminika. Mjomba wetu alifika wa kwanza, mstaafu aliyewahi kuwa utingo wa malori ya Tanga na Dar es Salaam, akipita Segera na Chalinze, na ambaye kila hadithi yake huishia mlima Kitonga, ambao haumo kabisa kwenye njia hiyo, breki zikiwa zimekata. Akafuata Mzee mmoja wa Uvira, aliyeendesha Fuso miaka mingi huko Kongo. Akaja fundi mwashi, kijana wa Pemba, na mfuko wake wa vifaa begani kwa kuwa alikuwa njiani kwenda kazini. Jirani yetu Msamoa alitoka na wanawe, vijana ambao wakiamua wanaweza kuibeba karavani wenyewe na mjadala ukaisha. Jirani wa Bangladesh alivuka barabara kuuliza kama kuna harusi. Aliposikia hakuna, naye akabaki.

Pikapu lina kamera ya nyuma. Kwenye kioo cha dashibodi tufe linaonekana lote, na mstari umechorwa wa kukuelekeza. Shemeji aliitazama kamera mara moja, akashusha dirisha, akatoa kichwa nje. Mtu aliyelelewa na wajomba hawezi kuamini picha.

"Njoo!" akasema Mjomba. "Njoo, njoo, kata kushoto!"

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto kwa gari!"

"Hapana, akunje kulia kwanza," akasema Mzee wa Uvira, ambaye anatoka nchi ya kupita kulia na hajaisamehe Australia kwa kupita kushoto. "Kunja! Polepole! Sasa kunjua!"

Mpemba, mtu wa maneno machache, aliinua ngumi moja juu. Kwake maana yake simama. Vijana wa Kisamoa wakaielewa kuwa ni shangwe, wakashangilia, na Shemeji akakanyaga mafuta. Mjomba, kwa desturi ya utingo, alikuwa akipiga bodi kwa kiganja kila anapotoa amri, na kila kofi lilipolia niliona bega la Shemeji likitikisika, maana rangi ile bado alikuwa anailipia.

Tufe lilipokikaribia kikombe ndipo ilipoonekana kuwa liko juu zaidi yake. Karavani huwa na kigurudumu kidogo mbele, chenye mpini wa kuzungusha ili kuinua pua. Wakazungusha hadi mwisho wa uzi, na tufe bado linakitazama kikombe kutoka juu. Shemeji akaendelea kurudi kwa imani tu. Chuma kikagonga chuma, karavani ikasogea, ikazuiwa na tofali ambalo Mpemba alikuwa ameliweka nyuma ya gurudumu bila kumwambia mtu. Yule kijana atafika mbali.

Wakati haya yakiendelea, Shangazi alikuwa ndani ya karavani. Tangu alfajiri alikuwa akipakia, na kwa kuwa kabati lililompendeza lilikuwa mwisho kabisa, kila kitu kilikwenda huko: kiroba cha unga, gunia la mkaa, madumu ya maji, masufuria mawili ya shughuli, kinu na mchi wake. Karavani yenyewe ina magurudumu mawili tu, katikati. Shangazi alipoelekea huko nyuma kupanga mito, wajukuu wawili wakimfuata, tuliona kigurudumu cha mbele kikiachana na ardhi, taratibu, na pua ikapanda kama ya jogoo anayetaka kuwika.

Mtu mwenye akili angepiga kelele watu washuke. Mjomba aliona fursa.

"Shangazi, usitoke! Baki hapo hapo! Shemeji, rudi!"

Shemeji akarudi. Tufe likapita chini ya kikombe, safari hii barabara, katikati kabisa. "Sasa Shangazi njoo mbele, kwa adabu!" Shangazi akaja, pua ikashuka, kikombe kikatua juu ya tufe, na umati ukapiga makofi. Jirani wa Bangladesh alimpa mkono jirani Msamoa. Kilichobaki ni kushusha wenzo. Wenzo haukushuka. Walijaribu kwa mkono, wakajaribu kwa kisigino, kisha ikaletwa nyundo. Mzee wa Uvira akasema ni kutu, Mjomba akasema ni grisi imeganda kwa baridi. Kila mwanamume pale alikuwa na maelezo.

Nilikuwa nimetoka na birika la chai. Nilichukua tambara, nikafuta grisi juu ya kikombe, kisha nikawaomba wainue pua nikafuta na tufe. Kikombe kimeandikwa 50. Tufe limeandikwa 70. Ni milimita. Tufe la 50 ndilo la kawaida nchini humu na hubeba mzigo wa hadi tani 3.5, na la 70 ni la mizigo mikubwa zaidi, hadi 4.5, na mwenye gari wa kwanza bila shaka alikuwa akivuta kitu cha maana. Nikasema, "Shemeji, tufe si lake."

"Ahsante, Shemeji," akanijibu. "Weka chai hapo."

Nyundo ikaendelea. Mpaka akaja Mzee wa nyumba ya kona, Mwaustralia mstaafu mwenye kaptula majira yote ya mwaka, aliyeinama, akasoma namba zile zile mbili, akasema neno lile lile nililolisema mimi. Hapo wote wakashangaa. Wakamwita bingwa. Nikawamiminia chai, na yangu nikaitia sukari ya ziada.

Shemeji alikimbilia duka la vipuri, akarudi na ulimi mwingine wenye tufe la 50. Ulimi huo una kiwiko. Ukiuchomeka kiwiko kikitazama chini, tufe linashuka. Ukiugeuza, linapanda, na tufe inabidi lifunguliwe lihamishiwe upande wa pili. Sasa, gari ni refu kama ghala na tatizo la asubuhi nzima lilikuwa tufe kuwa juu mno. Wanaume sita wenye tajiriba ya barabara za nchi tatu walijadiliana, wakafungua nati kwa jasho, wakalihamisha tufe, wakauchomeka ulimi kiwiko kikitazama mbinguni. Nilipouliza kwa nini, Mjomba alinieleza kwa upole kwamba chuma kinachotazama juu kina nguvu zaidi. Sikujibu. Mjomba hajibiwi.

Kwa msaada wa Shangazi kwenda nyuma tena, kikombe kiliingia na wenzo ukalia *kaa!* sauti tamu sana. Shemeji akatia gia, pikapu likashuka kutoka uani kwenda barabarani. Mitaa ya huku ina mfereji kati ya njia ya nyumba na lami. Pua ya karavani ikiwa hewani, mkia wake ulikuwa umeinama chini, na ulipofika kwenye mfereji ukakwangua saruji kwa mlio ambao uliwatoa nje hata wale waliokuwa bado wamelala.

Mzee wa kona alikwenda kwake, akarudi na futi kamba. Macquarie Fields yenyewe imetokana na shamba la mpima ardhi, James Meehan, Muayalandi aliyeletwa huku mwaka 1800 kama mfungwa baada ya uasi wa 1798, akaja kupima sehemu kubwa ya koloni, na shamba lake akalipa jina la Gavana Lachlan Macquarie. Mtaa umezaliwa na mtu wa kamba ya kupimia, na sisi tangu alfajiri hakuna aliyepima chochote.

Mzee akaomba kitu cha kusawazishia. Mpemba, bila kusema, akatoa pimamaji mfukoni. Wakaiweka juu ya fremu ya karavani, wakazungusha kigurudumu hadi povu likakaa katikati. Wakapima kutoka ardhini hadi kikombe, wakapima kutoka ardhini hadi mdomo wa mraba wa gari, wakaacha kidogo kwa kuwa gari likibebeshwa huinama, na tofauti iliyobaki ndiyo kiwiko kinachotakiwa. Kikageuzwa, kikatazama chini. Ilichukua muda wa kunywa kikombe kimoja.

"Na uzito?" akauliza Mzee. Kwa kawaida, akasema, tufe libebe kama asilimia 10 ya uzito wa karavani. Kwa kilo 1,800 ni kilo 180. Mzigo mzito ukikaa nyuma, pua inakuwa nyepesi, na kwenye barabara kuu mkia utaanza kuyumba hadi uliburute gari zima. Vitu vizito vikae juu ya ekseli, tena sakafuni. Kinu kikahamishwa, mkaa ukahamishwa, madumu yakahamishwa, kila kimoja kikitajwa kilo zake na mpwa wangu akiandika daftarini. Alipomaliza akainua kichwa, kalamu tayari, akauliza kwa sauti ya mtoto anayependa hesabu zikamilike:

"Na Shangazi tumwandike ngapi?"

Nimewahi kuona umeme ukikatika katikati ya taarabu. Hata kimya kile kilikuwa na kelele zaidi kuliko uani pale. Mjomba aliona jambo la kuchunguza kwenye tairi. Msamoa, ambaye hajui neno la Kiswahili, aliwarudisha wanawe nyumbani. Mzee wa kona alipotafsiriwa, akasema haraka, Mungu ambariki, kwamba Shangazi haingii kwenye hesabu, kwa sababu sheria ya New South Wales hairuhusu mtu kukaa ndani ya karavani inayovutwa.

"Umesikia?" Shangazi akamwambia mpwa wangu. "Mimi siandikwi."

Wakafunga, sasa karavani imenyooka na gari limenyooka. Mzee akazungusha kigurudumu kuinua pua, na mgongo wa pikapu ukainuka nayo, ishara kwamba kikombe kimeng'ata tufe sawasawa. Mnyororo ukafungwa kwa pingu yake. Waya wa taa ukachomekwa, breki za umeme zikajaribiwa, kwani tela lolote linalozidi kilo 750 huku lazima liwe na breki zake. Taa za kulia ziliwaka kulia. Jirani wa Bangladesh alithibitisha.

Shangazi alikuwa amesimama na mkoba wake, akiangalia yote hayo.

"Kama ni kuoga maji," akasema, "Simmos Beach si hapo chini mtoni, tunakwenda kwa miguu? Haya, twendeni. Ila nauliza. Huko Kiama, hii nyumba tutaiingiza kwenye kiwanja kwa mbele?"

"Kwa nyuma, Shangazi," akasema Shemeji.

"Ikiwa imefungwa hivi hivi?"

"Hivi hivi. Na ukikata usukani kulia, yenyewe inakwenda kushoto."

Shangazi akamtazama, kisha akawatazama wale wanaume wote. Mzee wa Uvira alikuwa akimpigia simu mkewe kwamba atachelewa. Mpemba alikuwa ameweka mfuko wake wa vifaa nyuma ya pikapu. Mjomba, ambaye hakuwa miongoni mwa waalikwa, alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, dirisha chini, mkono nje.