Barua Kutoka Yokohama: Vitz ya Kwenye Picha na Vitz ya Bandarini

Ndugu zangu wa nyumbani, picha za Vitz mnazonirushia WhatsApp zinafika, na swali lenu ni lile lile: kweli bei ni hii? Ni kweli, ila msidhani Wajapani wanatoa sadaka. Huku gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miwili, ukaguzi uitwao shaken, na siku hiyo mwenye gari hulipa pia bima ya lazima na kodi ya uzito. Gari likitimiza miaka 13 kodi hiyo hupanda, basi mzee wa watu analiachia mapema. Bei ndogo ni ya mtu anayekimbia gharama, na gharama hizo hazifi. Zinapanda meli na kuja kuwapokea nyie Dar.

Hesabu ianzie Dar, si Yokohama. Chukua gari ambalo bei, meli na bima vinalifikisha bandarini kwa shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, tumeshafika milioni 12.5. VAT ya asilimia 18 haihesabiwi kwenye ile 10 ya mwanzo, inapanda juu ya ushuru: milioni 14.75. Hapo injini haijazidi cc 1000, kwa hiyo ushuru wa bidhaa umewasamehe, na sijagusa tozo ya uchakavu, wakala wala namba. Mjomba atasema muuzaji aandike bei ndogo kwenye ankara. Mjomba, TRA wana thamani zao kwenye mfumo; ankara yako watakusomea kwa heshima, kisha watakokotoa kwa ya kwao.

Wengine mtasema heri yadi ya Dar, kodi imeshalipwa. Hoja nzuri, na kwa asiye na subira naiunga mkono: unaliwasha, unalisikiliza, fundi anachungulia chini. Lakini kodi hiyo imo ndani ya bei, pamoja na faida ya yadi, na karatasi ya mnada wa huku Japani gari lilikouzwa mara nyingi huioni. Karatasi hiyo ndiyo inayosema ukweli: daraja la R maana yake gari liligongwa likatengenezwa, hata kama rangi inang'aa kama sahani ya harusi.

Kwa hiyo mwenye milioni 15 atafute gari la milioni 8 kufika bandarini. Kodi hizo mbili zitalifikisha 11.8, na inayobaki ni ya tozo nyingine, wakala, bima, matairi na fundi. Picha ijayo mnitumie ikiwa na mwaka, cc na karatasi ya mnada.