Pweza wa Tani Mbili na Robo Tatu

Ukionekana Malindi umeweka kompyuta mapajani, watu hukudhania mawili: ama unawajazia wenzio fomu za eCitizen, ama unatengeneza printa. Mimi liliniangukia la tatu. Kikundi kimoja cha wavuvi kilitaka hesabu zake za mwaka zilingane na za mkahawa wa Mwitaliano anayenunua samaki kwao. Mweka hazina akanitumia faili mbili kwa WhatsApp, na chini yake: "Kaka, zioanishe tu, ni dakika tano."

Faili ya mkahawa ilitoka kwenye kompyuta inayosema Kiitaliano. Sasa Waitaliano, kwenye namba, ni kinyume chetu: nukta yao hutenga maelfu, mkato wao ndio wa desimali. Kilo mbili na robo tatu huandikwa 2,750, na shilingi elfu moja na mia moja ni 1.100. Kompyuta yangu, mzaliwa wa Kiingereza, ilizisoma bila kupepesa jicho. Kwa hivyo, kwa mujibu wa mstari wa kwanza, mzee mmoja wa kikundi alishuka mwambani maji ya bamvua yalipotoka, akarudi na pweza wa kilo elfu mbili mia saba na hamsini, akamuuza kwa shilingi moja na senti kumi.

Changu wa kilo 12,5 ndiye hakukubaliwa kabisa. Programu ilimwona ni maandishi, ikamsogeza kushoto mwa seli, na jumla ikampita kama haimjui. Hakuna mlio, hakuna onyo. Laiti ingelalamika!

Tarehe nazo zikawa na ukabila. Feb, mar, apr na nov ziliingia salama, kwa kuwa Kiitaliano na Kiingereza huzifupisha sawa. Gen, mag, giu, lug, ago, set, ott na dic zikabaki mlangoni. Ukitazama vizuri, kusi karibu yote ilikataliwa, na mvuvi yeyote atakwambia kwamba hata baharini ni hivyo hivyo.

Kuna waliopatwa na kinyume chake. Mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadilisha majina ya jeni kadhaa kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Iliyoitwa MARCH1 sasa ni MARCHF1. Yaani ilikuwa rahisi zaidi kumbatiza binadamu upya.

Dawa ipo, na haina uchungu. Faili ya namna hii haifunguliwi kwa kubonyeza mara mbili. Huingizwa kupitia menyu ya data, ukaiambia programu mapema mkato ni wa nini, nukta ni ya nini, tarehe ni za lugha gani, na kwamba safu ya simu ni maandishi, isije ikanyofoa ile sifuri ya mbele. Ilivyonyofoa ya wanachama wote, basi!

Lakini kubwa lilikuwa la majina. Kabla faili ya kikundi haijanifikia, mweka hazina alikwisha kubonyeza kile kitufe cha kufuta yanayojirudia. Wagiriama humpa kifungua mimba wa kiume jina la babu yake mzaa baba. Basi Katana Karisa humzaa Karisa Katana, naye humzaa Katana Karisa, na babu na mjukuu wakaingia chombo kimoja. Programu ikaona jina lile lile, ikambakisha wa juu. Wa juu alikuwa mjukuu. Babu, yule yule wa pweza, akafutika kwenye kikundi alichokiasisi. Nikamrudisha kwa namba ya kitambulisho, ambayo hairithiwi.

Nilimpelekea karatasi atie sahihi, nikamkuta bandani anashona nyavu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mlikuwa mmenizika."

Nikamweleza, kisha nikamwonyesha kwenye simu ile faili ya mwanzo, mstari wa pweza. Akauliza hizo ni kilo ngapi. Nikamsomea. Akamgeukia mjukuu wake, akamtazama kwa kitambo, halafu akanirudishia simu.

"Hiyo bei irekebishe," akasema. "Uzani uache hapo hapo, na unichapishie nakala moja niwapelekee wavuvi wa Mayungu."